BEI YA MAYAI INAPANDA NA KUSHUKA: IJUE SABABU KABLA HUJAJAZA TREI DUKANI

Leo tuongee mayai.

Karibu kila duka la mtaani lina trei ya mayai pale mbele. Lakini ukimuuliza Mangi kwa nini mwezi huu trei imepanda, anakujibu, "Wafugaji wamepandisha." Hilo si jibu. Mfugaji naye kuna kitu kimempandisha, na hicho kitu kilianza miezi kadhaa kabla wewe na mimi hatujaona bei mpya. Ukikijua mapema unajipanga. Usipokijua unabaki kushangaa tu, huku wateja wadogo wanakukimbia.

Mimi nina duka la rejareja hapa Arusha. Sijasomea biashara wala lishe, niliishia kidato cha nne. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuwauliza wafugaji wanaoniletea mzigo, kusoma taarifa za FAO na za serikali, na kupiga hesabu kwenye daftari langu. Ni marefu kidogo, lakini ukimaliza utaiangalia ile trei kwa jicho jingine.

1. WATAALAMU WANAHESABUJE MAYAI YA NCHI

FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wana hesabu yao. Wanachukua mayai yote yaliyotagwa nchini, wanaongeza yaliyoingia kutoka nje, wanatoa yaliyouzwa nje, yaliyoatamishwa kupata vifaranga na yaliyovunjika au kuoza. Yanayobaki wanagawa kwa idadi ya watu, kisha kwa siku 365. Jibu linatoka kwa gramu za protini kwa mtu mmoja kwa siku.

Sasa tulete hiyo kwenye lugha ya duka. Yai moja la kawaida la kuku wa kisasa lina protini kama gramu 6. Mtu akila yai moja kwa wiki, kwa mwaka ni mayai 52. Zidisha kwa 6 unapata gramu 312. Gawa kwa siku 365, unapata gramu 0.85 kwa siku. Kwa hiyo ukisikia nchi fulani iko "chini ya gramu 1", elewa kwamba kwa wastani mtu wa nchi hiyo anapata kama yai moja kwa wiki au pungufu.

Nchi nyingi za Afrika Mashariki ziko hapo, chini ya gramu 1. Wastani wa dunia umeshapita gramu 3, na umeongezeka zaidi ya mara mbili tangu miaka ya 1960. China ndiyo iliyovuta sana, maana peke yake inatoa zaidi ya theluthi moja ya mayai yote duniani. Japani na Mexico mtu mmoja anakula zaidi ya mayai 300 kwa mwaka. Ukanda wetu haukupanda kwa kasi hiyo.

Na wastani nao unaficha mambo. Chukua mtaa wa nyumba kumi. Nyumba mbili zinanunua trei moja moja kila wiki, nane hazinunui kabisa. Wastani unasema kila nyumba inapata mayai 6. Kumbe nane zina sufuri. Wewe mwenye duka ndiye unayezijua hizo nane, mtaalamu wa ofisini hazioni.

2. MAYAI YANAONGEZEKA, NA WATU NAO WANAONGEZEKA

Hapa wengi wanachanganya. Unasikia "uzalishaji wa mayai umeongezeka", unadhani sasa yatajaa mtaani na bei itashuka. Angalia kwanza upande wa pili.

Sensa ya 2012 Tanzania tulikuwa watu milioni 44.9. Sensa ya 2022 tukawa milioni 61.7. Hilo ni ongezeko la asilimia 37 ndani ya miaka 10. Maana yake mayai nayo yalitakiwa yaongezeke kwa asilimia 37 ili kila mtu abaki na kiasi kilekile cha zamani. Yakiongezeka asilimia 20, gazeti litaandika yameongezeka, lakini kwenye sahani yamepungua.

Hesabu nyingine. Ili kila mmoja wa hao milioni 61.7 apate yai moja tu kwa wiki, yanatakiwa mayai kama bilioni 3.2 kwa mwaka yanayofika mdomoni, sio yaliyotagwa tu. Kuku wa mayai anayetunzwa vizuri anataga 250 na zaidi kwa mwaka. Kuku wa kienyeji anataga mayai 10 hadi 15 kwa mzunguko, mizunguko mitatu au minne kwa mwaka, na mengi ya hayo anayalalia mwenyewe. Ndiyo maana vijijini unaona kuku kila nyumba lakini mayai ya kuuza hakuna. Yai la kienyeji kwa mwenyewe ni kifaranga cha kesho. Akikuuzia, amekuuzia mbegu.

Kwa hiyo mayai mengi unayouza dukani yanatoka kwenye mabanda ya kuku wa kisasa pembeni ya miji, kwa watu wenye kuku 200, 500, 2,000. Hao ndio wanaobeba protini ya mji, na hao ndio wanaotikisika kirahisi.

3. KALENDA YA KUKU NI YA MIEZI MITANO

Sasa tunafika penyewe. Mfugaji ananunua vifaranga wa siku moja. Anawalisha, anawachanja, anawasha joto. Yai la kwanza linakuja wiki ya 18 hadi 20, yaani karibu miezi mitano. Muda wote huo hakuna hata shilingi inayoingia, na kila kuku ameshakula karibu kilo 7 za chakula. Baada ya hapo utagaji unapanda, unakaa juu, halafu unaanza kushuka taratibu. Wiki ya 72 hadi 80 wengi wanawauza kuku kama wa nyama.

Hiyo miezi mitano ndiyo inayoleta wimbi la bei. Iko hivi:

Bei ya mayai ikiwa nzuri, kila mtu anataka kufuga. Mwalimu, mstaafu, kijana aliyepata mkopo, wote wanaagiza vifaranga kwa wakati mmoja. Miezi mitano baadaye kuku wao wote wanaanza kutaga pamoja. Mayai yanajaa, bei inaanguka. Wenye mtaji mdogo wanashindwa kununua chakula, wanauza kuku. Mabanda yanabaki matupu. Miezi kadhaa mbele mayai yanakuwa machache, bei inapanda tena. Halafu wengine wanaanza upya.

Kwa hiyo bei unayoiona leo imetokana na maamuzi yaliyofanywa miezi mitano au zaidi iliyopita. Mwenye duka anayeangalia bei ya leo peke yake anakuwa amechelewa siku zote.

4. TREI MOJA NI KILO NNE NA NUSU ZA CHAKULA

Hii hesabu naipenda sana, iandike ukutani.

Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 100 wakitaga vizuri wanatoa mayai 80 kwa siku. Kwa hiyo kila yai limebeba gramu 150 za chakula, na trei ya mayai 30 imebeba kilo 4.5.

Maana yake nini kwako? Mfuko wa chakula wa kilo 50 ukipanda kwa shilingi 10,000, kila kilo imepanda kwa 200. Trei imepanda gharama kwa shilingi 900 kabla mfugaji hajatafuta hata faida. Ukisikia mfuko umepanda leo, usisubiri kuambiwa. Trei itapanda, au mfugaji atapunguza kuku halafu trei itapanda baadaye. Njia zote mbili zinafika palepale.

Na chakula chenyewe kinatokana na nini? Mahindi na pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa na virutubisho. Angalia hiyo orodha vizuri: mahindi na dagaa ndio vitu vilevile tunavyokula sisi. Mvua zikikosea, mahindi yakapanda, mayai yanafuata. 2022 kuingia 2023 mahindi yalipanda sana huku kwetu, na huko nje vita ya Ukraine ilikuwa imeshavuruga soko la nafaka. Wafugaji wengi wadogo walifunga mabanda kipindi hicho. Dagaa nao wakiadimika ziwani, mfugaji na mama wa nyumbani wanagombea gunia moja sokoni.

5. DALILI TANO ZA KUANGALIA

Hizi naziangalia kila wiki, hazina gharama.

Ya kwanza ni bei ya mfuko wa chakula. Pita duka la pembejeo na vyakula vya mifugo, uliza bei ya chakula cha kuku wanaotaga na bei ya pumba. Andika na tarehe.

Ya pili ni kuku waliomaliza kutaga. Ukiona ghafla wamejaa sokoni kwa bei ya kutupa, jua wafugaji wanapunguza mabanda. Hapo mayai yatapungua wiki chache zijazo. Ni dalili nzuri kuliko zote na wengi hawaioni, wanafurahia tu kuku wa bei rahisi.

Ya tatu ni foleni ya vifaranga. Mfugaji akikwambia ameweka oda na anasubiri wiki sita, maana yake watu wengi wanaingia kwenye ufugaji. Hesabu miezi mitano mbele: mayai yatajaa.

Ya nne ni kalenda ya walaji. Shule zikifunguliwa, wauza mayai ya kuchemsha na kachumbari wanaongeza oda. Kuelekea Idi na Krismasi watu wa keki wanabeba trei kwa trei. Hapa Arusha hoteli nazo zina msimu wao, Juni hadi Oktoba wageni ni wengi. Kinyume chake tulikiona 2020: serikali ilifunga shule Machi kwa sababu ya korona, watalii wakakatika, na wafugaji waliokuwa wanapeleka mahotelini wakaja kutuomba sisi wa maduka tuwasaidie mzigo. Kuku hajui kuna korona, anataga tu.

Ya tano ni magonjwa na mipaka. Januari 2017 mafua ya ndege yaligundulika Uganda, na Kenya ikafunga mlango kwa kuku na mayai ya Uganda. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, hapa kwetu Namanga, serikali iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya, kwa sababu Tanzania ilikuwa imeshazuia vifaranga vya nje tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa hofu ya ugonjwa huohuo. Mpaka ukifungwa, upande mmoja mayai yanajaa na upande mwingine yanakauka. Sisi tuliopo karibu na mpaka tunasikia haraka kuliko wengine. Na kwa kuku wa kienyeji, mdondo ukipita kijiji kisichochanja, banda linabaki manyoya. Chanjo yake ipo ya tone la jicho, inarudiwa kila miezi 3.

6. BEI IKIPANDA NANI ANAACHA KUNUNUA?

Hapa ndipo naomba usome taratibu.

Yai lilipotoka 300 kwenda 400 dukani kwangu, niliandika mauzo kwa wiki mbili kwa kutenganisha wateja. Kijana wa chipsi hakupunguza hata trei moja. Alipandisha bei ya zege lake, maisha yakaendelea. Mama wa keki naye alipandisha. Walioacha ni wale wa yai moja au mawili. Wale wanaotuma mtoto na sarafu mkononi, "Shikamoo, mama amesema unipe yai moja la mdogo wangu." Wakahamia maharage, wengine wakabaki na mboga za majani tupu.

Kwa hiyo mayai yakipungua nchini hayapungui sawa kwa kila mtu. Yanapungua kwanza kwa mtoto wa nyumba isiyo na akiba. Na tuna tatizo la udumavu, tusijifiche. Utafiti wa afya wa taifa unaonyesha Tanzania watoto chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 34 mwaka 2015/16, na asilimia 30 mwaka 2022. Kenya walitoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Tunashuka, lakini kwetu bado ni watoto watatu kwa kila kumi.

Mimi nilichoamua ni hiki: bei ikipanda, faida yangu kwa mayai ya rejareja naipunguza kidogo, ya trei nzima naiacha kama kawaida. Sio sadaka. Yule wa yai moja akija ananunua na chumvi, mafuta ya kupima na kiberiti. Akiacha kuja kwa sababu ya yai, nimepoteza na hivyo vingine.

7. USIMDANGANYE MTEJA KUHUSU LISHE

Kuna wenzetu wanaandika dukani "yai ni protini ya bei rahisi kuliko zote". Si kweli, tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Natafuta gramu 10 za protini zinagharimu shilingi ngapi:

- Maharage, kilo 3,000: kama sh. 140
- Dagaa wakavu, kilo 10,000: kama sh. 180
- Nyama ya ng'ombe, kilo 10,000: kama sh. 500
- Yai moja 350: kama sh. 580
- Maziwa, lita 2,000: kama sh. 620

Umeona? Maharage na dagaa wanashinda kwa mbali. Sasa kwa nini watu wananunua yai? Kwa sababu linauzwa kwa kipimo kidogo. Hakuna anayekuuzia nyama ya mia nne. Yai halihitaji friji, halihitaji mkaa wa saa mbili kama maharage, linaiva dakika chache, na mtoto mdogo anaweza kulila likipondwa. Protini yake nayo mwili unaitumia vizuri sana. Hiyo ndiyo nguvu ya yai, na hiyo ndiyo ya kumwambia mteja.

Pia usimwambie mama kwamba yai peke yake litamrefusha mtoto. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Ecuador: watoto wadogo waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6 walipungua udumavu sana, na habari ikazunguka dunia nzima. Lakini watafiti waliporudia Malawi, Mangochi kando ya ziwa, hawakuona tofauti kama ile. Watoto wengi wa kule walikuwa tayari wanakula samaki. Mimi naelewa hivi: yai linasaidia zaidi pale ambapo nafasi yake iko wazi. Nyumba yenye dagaa kila siku, mwache anunue dagaa.

Na la kienyeji? Ni tamu kwa wengi na bei yake iko juu, sawa. Lakini ni dogo, kwa hiyo protini kwa yai moja ni pungufu kidogo. Rangi ya kiini inatokana na majani na mahindi ya njano aliyokula kuku. Uza kwa utamu wake, usiuze kama dawa.

8. LINDA ULICHONACHO

Mfano: trei umenunua 8,000, unauza yai 350. Mauzo ni 10,500, faida 2,500. Mayai mawili yakivunjika umepoteza 700, zaidi ya robo ya faida. Kwa hiyo:

- Kagua trei mbele ya msambazaji, inua trei ya juu uone za chini.
- Weka kivulini penye hewa, mbali na jua na mafuta ya taa. Yai linanyonya harufu.
- Lipange ncha nyembamba chini.
- Usioshe mayai ya kuweka. Kuna utando unaolinda yai, ukiosha unaondoka.
- Andika tarehe kwenye trei kwa kalamu. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Bila friji, lenga kumaliza ndani ya wiki mbili.
- Ukiwa na wasiwasi, tumbukiza kwenye maji. Linalolala chini ni jipya, linalosimama ni la muda, linaloelea usimuuzie mtu.
- Bei ikianza kupanda usirundike trei 40 ukisubiri faida. Hii si sukari. Ongeza za siku chache tu, na kaa na wafugaji wawili au watatu wenye kuku wa umri tofauti, ili wa mmoja wakichoka kutaga wa mwingine wawe wameanza.

Ukishindwa yote, anza na moja: wiki hii pita duka la chakula cha mifugo, uliza bei ya mfuko, iandike kwenye daftari pembeni ya bei ya trei. Fanya hivyo kwa miezi sita. Utaona mwenyewe zinavyofuatana.

Kwako mtaani trei ni bei gani leo, na mfuko wa chakula uko shilingi ngapi? Andika hapa chini na mkoa wako, tulinganishe. Biashara njema.